Chokaa Isiyokuwapo Makupa

Mzee Muhdhar alimtuma mume wangu Makupa akapokee chokaa, na chokaa haikuwapo. Waliokuwapo ni askari. Hilo ndilo kosa nililotendewa, nalo nalitaja mwanzo ili mtu asije akadhani nalalamikia vita. Vita vilikuwa vya Mwingereza na Mjerumani, nami Mwanakuu binti Akil sikuwa na neno navyo. Neno langu ni na jirani yangu, ambaye mlango wake unatazamana na wangu hapa Kuze, na ambaye hadi leo akinipita huniambia, "Sabalkheri, binti Akil." Nami humwitikia, kwa kuwa salamu ni haki ya Muislamu.

Msinihesabu katika watu wa huzuni. Nakula nikashiba. Nashona kofia, na kofia zangu huvaliwa Idi na watu wasiojua hata kwamba ni mimi niliyezishona. Binti yangu Swabaha ameolewa na mtu mwenye haya, na nyumba yangu ya mawe imekamilika hata ukuta wa nyuma. Jioni nikifungua dirisha la juu, upepo wa bahari huingia mpaka jikoni, nikakaa na sindano yangu nikaona raha. Ila dirisha hilo latazama baraza la Mzee Muhdhar, na hapo ndipo maneno yangu yanapoanza.

Mume wangu aliitwa Faraj. Hakuwa mzaliwa wa kisiwani. Alikuja Mombasa kijana, mwaka ule wa vita vya pwani vya kwanza, kabla reli haijajengwa, kijiji chao cha kusini kilipotiwa moto na watu wakakimbia na walichoweza kushika. Yeye alishika mwiko wa baba yake, mwiko wa mwashi. Baba mwenyewe alibaki huko huko. Marehemu baba yangu alimpa pa kulala katika ukumbi wetu, na asubuhi ya pili akamkuta ameshaziba ufa wa ukuta bila kuambiwa.

"Nani amekutuma?" baba akamuuliza.

"Ufa, bwana," Faraj akasema. "Umenitazama usiku kucha."

Baba alicheka, akaona kijana huyu anafaa. Baada ya miaka akanioza kwake. Ndugu za mama walinung'unika. Walisema, "Hana kwao, akifa nani atakuja kumzika?" Sikuwajali. Faraj alikuwa mtu wa utani. Tukipita njiani alikuwa akigonga kuta za watu kwa kifundo cha kidole, akisikiza, akitikisa kichwa. Nikamwambia, "Bwana, utatukanwa. Watu watadhani wapiga hodi." Akasema, "Napiga hodi kweli, namuuliza mwashi aliyejenga kama bado yuko hai au ameona haya akahama." Tukaishi hivyo, tukizaa, tukizika, tukabakiwa na Swabaha.

Vita vya Mjerumani vilipokuja, mji ulibadilika polepole. Mchele ulikuwa adimu, kwa kuwa meli zilipakia askari na punda. Wanawake wa mtaani walivua vikuku wakawapelekea Mabaniani. Kazi za uashi zilikoma, maana nani ajenge wakati hajui kesho atatawaliwa na nani? Kisha serikali ikataka watu wa kubeba mizigo ya jeshi. Wa bara walichukuliwa kwanza, wengi, mpaka wengine wakawa wanalala makondeni kwa kukimbia. Mwisho zamu ikafika kwetu mjini. Kila mzee wa mtaa, na wetu wa Kuze ni Mzee Muhdhar, aliambiwa atoe watu, na watakiwao ni wale wasio na kazi.

Basi asiye na kazi kuliko wote, Kuze nzima, alikuwa Hadi. Huyu alikuwa mkwewe Mzee Muhdhar, mume wa binti yake Mahfudha. Kijana mzuri wa sura, mpole, lakini kazi yake kubwa ilikuwa kuchagua kivuli cha kukaa. Jina lake ndilo lililotajwa. Mtaa wote tulijua. Kisha siku zikapita, na Hadi yuko pale pale kivulini, tukasema Mzee Muhdhar amezungumza na wakubwa, na tukafurahi kwa ajili ya Mahfudha.

Wakati huo Faraj alikuwa na kazi moja tu, kujenga upya baraza la Mzee Muhdhar. Upande wa mlangoni alishaupiga lipu mpaka ukang'aa kama bakuli la kaure. Upande wa kisimani ulikuwa bado mawe matupu. Asubuhi moja, nami nikiwa dirishani napepeta mchele wetu mchache, nilimsikia Mzee Muhdhar akimwita.

"Faraj, chokaa imewasili Makupa kutoka bara. Nenda kaipokee."

"Ami, chokaa ninayo ya kunitosha wiki hii."

"Hii ni nzuri zaidi. Nenda sasa hivi, isije ikachukuliwa na wengine."

Maneno mengine aliyasema kwa sauti ya chini, sikuyapata. Faraj akautia mwiko wake ndani ya ndoo ya maji ili usikauke, akainua uso akaniona. "Nakwenda nikaonyeshwe chokaa kama mwari," akasema. "Niwekee kahawa." Akaenda.

Alasiri hakurudi, na magharibi hakurudi. Nilivaa buibui nikavuka njia kwenda kuuliza.

"Ami, Faraj hajarudi."

Mzee Muhdhar alikuwa anatawadha. Hakuinua kichwa. "Hakukuaga? Mimi aliniambia amechoka na kisiwa. Amesikia habari za kuchukuliwa watu, akaona bora akimbilie kwao. Subiri, mwanangu. Mtu wa kuja huenda."

Asubuhi nilikwenda Makupa kwa miguu. Karibu na daraja la reli palikuwa na mama muuza mihogo, jina lake Kache. Nilimuuliza kama jana ilishushwa chokaa.

"Chokaa?" akasema. "Bibi, jana hapa walishushwa watu. Yaani walipandishwa. Askari walijaa, wakakusanya wanaume wakawatia garini."

"Uliona mtu mzima, mrefu, ana chokaa mikononi?"

"Nilimwona. Alikuwa akisema na askari sana, nao wakicheka."

Nilirudi kwa Mzee Muhdhar nikamwambia hayo. Akaondoka kwa haraka, akaenda kwa wakubwa, akarudi akiwa ametulia. Walikuwapo watu wa mtaa, akasema mbele yao wasikie, "Nimeuliza. Hakuna Faraj aliyechukuliwa. Hilo jina halipo." Na kweli halikuwapo. Kwa hiyo mtaani ikawa Faraj mtoro, amemkimbia mkewe na amekimbia vita. Upande wa pili wa baraza ukamaliziwa na mwashi mwingine.

Mwanamke aliyefiwa ana mahali pake, na aliyeachwa ana mahali pake. Mimi sikuwa na pangu. Nguo za eda sikuweza kuvaa, maana hakuna aliyesema mume wangu amekufa. Harusini nikienda wananong'ona, matangani nikienda wananihurumia kwa kitu ambacho hakikuwa changu. Kadhi aliniambia nisubiri, mtu asiyejulikana alipo huhesabiwa yu hai. Nikasubiri. Homa ile kubwa ikaja vita vilipokuwa vinaisha, ikazoa watu kila nyumba, ikampita Mzee Muhdhar.

Vita vilipokwisha walioponea wakaanza kurudi. Walikuwa wamekonda, mashavu yamewaingia ndani, na kila mmoja alikuwa na kibati chenye namba alichofungwa shingoni. Wawili, watu wa Majengo, walipita Kuze kutoa rambirambi. Walisema tulikuwa na mwenzetu wa mtaa huu, Hadi, amekufa kusini karibu na mto Rufiji, sisi wenyewe tulimswalia. Baraza zima likaangua kicheko, maana Hadi alikuwa amekaa pale anamimina kahawa. Wale watu wakaona haya, wakaondoka. Tangu siku hiyo Hadi akawa anaitwa Marehemu.

"Marehemu, ongeza kahawa!"

"Marehemu, sogea, wanyima walio hai nafasi!"

Hata mimi dirishani nilicheka. Mzee Muhdhar peke yake hakucheka, nami nilidhani ni kwa heshima ya mkwewe.

Kisha akaja Katana. Alikuwa Mgiriama wa upande wa Rabai, mchoma chokaa, kijana aliyezeeka kabla ya wakati wake. Alifika alasiri, watu wamejaa barazani.

"Hodi hapa. Natafuta kwao Hadi wa Kuze, aliyefia vitani."

Wakashika mbavu. "Huyu hapa! Mpe mkono, marehemu anakusikiza!"

Katana akamtazama Hadi kwa utulivu. "Siye," akasema. "Hadi wangu alikuwa mtu mzima, mwashi. Kila kambi tuliyopiga alilalamikia mawe."

Sindano ikanitoka mkononi.

Mzee Muhdhar akasema, "Umepotea, kijana. Huu mtaa haukupoteza mtu. Nenda ukaulize kwingine."

"Sijapotea, mzee. Aliniambia nitakuta baraza mkabala wa nyumba yake. Upande wa mlangoni limekwisha, upande wa kisimani mwiko haujapita." Akainama, akapitisha kiganja. "Naona umepita mwiko wa mtu mwingine. Huku pana nyufa."

Nilitoka. Sikutafuta buibui, nilitoka na leso tu, mbele za wanaume, jambo ambalo sijalifanya kabla wala baada.

"Mimi ni Mwanakuu," nikasema.

Katana akavua kofia yake. "Wewe ndiwe niliyekuwa nakutafuta, mama. Nimekuletea maneno yake."

"Kwa nini alijiita Hadi?"

"Hakujiita, aliitwa. Aliambiwa na aliyemtuma kwamba chokaa imewekwa kwa jina la Hadi, na kwamba akifika Makupa aseme yeye ndiye Hadi, asicheleweshwe. Basi akafika, akauliza, 'Iko wapi chokaa ya Hadi?' Askari wakamwambia, 'Wewe ndiye Hadi?' Akasema, 'Ndiye.' Wakamshika. Aliposema jina lake ni Faraj, wakacheka, wakamwambia wote wakifika hapa hubadili majina."

Mtu aliyekuwa na kikombe mdomoni hakukishusha. Hadi aligeuka akamtazama baba mkwe wake, na kwa uso wake nilijua kwamba hakuwa akijua. Alidhani ameokolewa kwa maneno matupu. Mzee Muhdhar akasimama, akasema alasiri inampita, akaingia msikitini. Ilikuwa watu wameshaswali.

Nilimkaribisha Katana ukumbini, Swabaha akaleta maji. Alinieleza yote. Vita vilikuwa vya wengine, na mizigo ya watu wengine. Waliowaua zaidi si Wajerumani, ni tumbo, kwa ule unga wa mahindi uliopikwa haraka ukaliwa haujaiva. Faraj aliugua mvua zilipoanza. Alimwonyesha Katana kibla mapema, akamwambia, "Wewe si Muislamu lakini una macho. Nilaze ubavu, uso huku." Wale wa Majengo wakamswalia, Katana ndiye aliyechimba na ndiye aliyemgeuza.

"Na maneno yake?" nikauliza.

Katana akakohoa. "Alisema hivi: mwambie Mwanakuu ukuta wa nyuma usipigwe na masika bila lipu. Na asitumie chokaa mbichi. Ailaze majini kwanza, aisahau, ndipo aitumie."

"Basi?"

"Akasema na kahawa ile ameikosa."

Nilicheka, wallahi nilicheka, mtu anakufa anazungumza habari za lipu! Swabaha akadhani nimepatwa. Kisha nikalia mpaka Katana akatoka nje kwa adabu akakaa mlangoni.

Sasa nilikuwa najua, lakini kujua kwangu hakukutosha. Nilikwenda kwa Kadhi. Akasema kifo cha huyo aliyeitwa Hadi kina mashahidi, watu wa Majengo walimswalia. Kinachokosekana ni mtu wa kusema kwamba Hadi huyo alikuwa Faraj, na Katana, kwa kuwa si Muislamu, hawezi kushuhudia katika jambo hili. Aitwe aliyemtuma. Mzee Muhdhar akaitwa. Akajibu kwamba ni mgonjwa, kumbukumbu zake si nzuri, na kwamba siku ile hakumtuma mtu popote. Kama si mtu mwingine kusema, ningebaki nilipokuwa, mke wa mtoro hadi nizikwe.

Aliyesema ni Hadi. Lakini kwanza Mahfudha alimsema yeye. Nyumba zetu zinatazamana, na Mahfudha hana sauti ndogo.

"Nenda ukaseme!"

"Ni baba yako, Mahfudha."

"Najua ni baba yangu, nimemjua kabla yako. Wewe unakunywa kahawa ya mtu, unaitwa marehemu wa mtu, na mkewe anakaa mbele ya mlango wetu hana jina. Nenda, ama nitakwenda mimi, nikawaambie nimeolewa na maiti!"

Hadi akaenda. Alishika msahafu, akasema jina lililotajwa mtaani lilikuwa lake, kwamba aliambiwa asitoke ndani siku ile, na kwamba aliyetoka asubuhi ile kwenda Makupa alikuwa Faraj, yeye mwenyewe alimwona kwa tundu la mlango. Kadhi akaridhika. Akaniambia Faraj ni marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami niko huru.

"Nianze eda lini, Shehe?"

"Eda yako imekwisha, mwanangu."

"Imekwisha lini, nami sijaianza?"

Alikuwa mtu mwema, alinitazama kwa huruma. "Eda huhesabiwa tangu siku ya mauti, si siku ya habari. Miezi minne na siku kumi ilipita zamani. Wewe ulikuwa mjane, ukakaa eda, ukatoka, bila kujua."

Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Jambo nililongojea miaka yote lilikuwa limenipita hapa hapa ndani, nikiwa napika, nikiwa nashona, labda siku niliyocheka harusini kwa watu. Hilo lilinichoma kuliko habari ya kifo. Eda ni ya kumkalia mtu. Nani alimkalia Faraj?

Alfajiri ya Ijumaa mlango ukagongwa. Alikuwa Mahfudha, na nyuma yake wanawake wa Kuze, mtungi wa maji, udi, na leso mpya.

"Ingia ndani uoge," akasema.

"Nioge nini? Kadhi amesema imekwisha."

"Sheria imekutoa. Sisi hatujakutoa. Mjane hatoki eda peke yake kama paka. Ingia!"

Wakaniogesha, wakanivua nguo za zamani, wakanivisha, wakanifukiza udi. Mama mmoja mzee akasema nimenenepa kwa mjane, tukacheka wote. Kisha wakasoma khitma, na kila walipolitaja jina walisema Faraj, kwa sauti, madirisha yakiwa wazi kuelekea upande wa pili wa njia. Nilitulia siku ile. Tangu hapo nimetulia.

Masika hayajafika, Hadi akaja akaniambia ataibeba kazi ya ukuta wa nyuma. Nilimwambia hajui kubeba hata kikombe. Akabeba. Katana alileta chokaa kutoka bara, tukailaza majini tukaisahau kama tulivyoagizwa, na Hadi akaleta begani mawe ya kuziba palipobomoka, akijikwaa, akilaani, ngozi ya viganja ikimtoka. Hana ufundi, lakini ukuta umesimama na lipu imeshika, na masika yalipokuja haukupitisha tone. Siku hizi anatafuta kazi za uashi. Akiitwa Marehemu hujibu, "Marehemu ni Faraj," na mzaha huo umekufa.

Kisha ikafika sikukuu ya amani. Bendera zilipandishwa ngomeni, mizinga ikapigwa, wakubwa wa Kizungu wakakaa vitini, na wazee wa mitaa wakaitwa mmoja mmoja waseme mtaa wao ulitoa nini na ulipoteza nani, ili ikumbukwe. Tulisimama wanawake nyuma, kwenye jua. Ilipofika zamu ya Kuze, Mzee Muhdhar akasimama na joho lake. Kila mtu mtaani alishajua. Hadi alishaapa. Nilishika mkono wa Swabaha.

"Kuze," akasema, "kwa baraka za Mungu, hatukupoteza mtu."

Wakubwa wakapiga makofi. Mahfudha, karibu yangu, akasema kwa ile sauti yake isiyo ndogo, "Baba amesahau mmoja." Waliokuwa mbele wakageuka. Baba yake hakugeuka.

Wanawake wa Kuze walimtia Faraj katika ngoma yao wiki ile ile, na wimbo huo waimbwa harusini hata Kibokoni, kwa hiyo jina lake halijapotea kabisa. Watoto wanaopita na maji wanaliimba. Lakini watoto hao hao wakikaa chini ya baraza wanafundishwa na wazee kwamba mtaa wetu ulipita vita salama, na hilo ndilo watakalowaambia wana wao.

Mzee Muhdhar sasa ni mkongwe. Upande wa kisimani umebomoka, haukaliki, basi wote hukaa upande wa mlangoni, na yeye hukaa katikati yake, juu ya kazi ya mume wangu, kila alasiri. Simtakii mabaya. Sitaki joho lake, wala aniombe msamaha chumbani ambako hakuna asikiaye. Ana deni la maneno machache: kwamba Faraj wa Kuze alikufa vitani, na kwamba yeye Muhdhar ndiye aliyempeleka. Ayaseme pale pale alipokaa, kahawa ikizunguka, watoto wakiwa chini wanasikiza. Dirisha langu liko wazi, nami nashona. Mpaka leo alasiri hajayasema.